Tulivyoshona Mkeka wa Mti wa Krismasi

(Maelezo ya kikundi cha akina mama washonaji, yaliyosomwa mbele ya wanajumuiya katika maadhimisho ya kutimia miaka 30 ya kambi ya Dzaleka, 1994–2024)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Pili, tunaishukuru Kamati kwa kutukumbuka sisi tunaokaa na sindano, kwani mara nyingi siku kama hii husemwa habari za wakubwa tu. Tuliombwa tueleze kazi moja ya mikono iliyofanyika hapa kambini, ili iandikwe katika kijarida cha kumbukumbu na watoto wetu waisome. Tulikaa, tukashauriana, tukachagua kazi iliyotuchukua miezi minne katika mwaka 2022. Si kazi kubwa kwa kuitazama. Ni kitambaa cha duara, cha viraka, kinachotandikwa chini ya mti wa Krismasi. Tumeichagua kwa sababu katika kazi hiyo tulijifunza ushonaji ambao hatukuujua, na katika kazi hiyo hiyo tulikosea. Kosa lenyewe hatutaki lisahaulike, hivyo tutalisema hapa mbele yenu.

OMBI KUTOKA MBALI

Yuko dada yetu mmoja aliyeishi hapa miaka kumi na moja, akapata safari ya kwenda Marekani mwaka 2019. Wengi mnamfahamu, jina lake hatutalitaja. Mwezi wa saba mwaka 2022 alitutumia picha kwa simu. Ilikuwa picha ya mti wa Krismasi uliosimama ndani ya nyumba ya jirani yake, na chini ya mti pametandikwa kitambaa cha duara chenye vipande vingi vya rangi. Akatuambia: "Huku kila mwenye mti ana kitu hiki. Nami mwaka huu nataka kusimamisha mti. Nishonieni changu, lakini kwa vitenge vya kwetu."

Tukamwuliza kinaitwaje. Akasema wenyewe wanakiita sketi ya mti. Hapo tulicheka mpaka machozi. Bibi mmoja akasema: "Mimi nimeona mengi, lakini mti kuvaa sketi sijaona." Basi sisi tukakiita mkeka wa mti, na jina hilo ndilo tunalolitumia mpaka leo.

Tulitaka kujua kitu hiki kinafanya kazi gani kabla ya kukishona, kwa maana fundi asiyejua nguo inavaliwa wapi hawezi kuikata. Tulielezwa hivi. Desturi ya kupamba mti wakati wa Krismasi ilienea kutoka Ujerumani. Zamani mti uliwashwa mishumaa halisi kwenye matawi. Nta ilidondoka, na majani makavu yalipukutika, kwa hiyo watu walitandika kitambaa au zulia chini ili sakafu isiharibike. Mwaka 1882 huko New York, mtu aitwaye Edward Johnson aliwasha mti wake kwa taa za umeme kwa mara ya kwanza. Polepole mishumaa ikaachwa, lakini kitambaa hakikuachwa. Siku hizi kinaficha miguu ya chuma inayoushika mti, na juu yake huwekwa zawadi. Tena Wamarekani wana mazoea ya tangu zamani ya kushona mablanketi ya viraka, yenye tabaka tatu zilizoshonwa pamoja. Ushonaji huo huo ndio wanaoutumia kwa kitambaa cha mti.

Sisi hapa tunakata tawi la msonobari na kulisimamisha katika ndoo ya mchanga. Tulipotazama vizuri tukaona kwamba hata ndoo yetu ingefaa kufunikwa.

MANENO YALIYOSEMWA

Habari ilipoenea, mzee mmoja alituita akatuuliza: "Mnataka kuuvika mti nguo, na watoto wa kambi hawana nguo?" Swali hilo lilituuma, maana lilikuwa la haki. Tulimjibu kwa heshima kwamba hatutakata kitambaa hata kimoja kinachoweza kutoka gauni la mtoto. Tungetumia vipande vinavyodondoka chini ya cherehani, ambavyo mafundi wetu walikuwa wakiwashia moto wa mkaa. Mzee akasema: "Kama ni hivyo, endeleeni, lakini nitakuja kuangalia." Na kweli alikuja.

Jambo la pili lilihusu dini. Kati yetu wamo akina mama Waislamu, wa Burundi na wa Kongo. Tuliwauliza kama kazi hii inawakwaza. Mmoja wao alijibu kwa niaba ya wenzake: "Dada aliyeomba alinishika mkono nilipojifungua. Mimi namshonea yeye, mti ni wake." Neno hilo lilitosha.

La tatu lilikuwa aibu ya kiraka. Sisi wakimbizi tumevaa viraka kwa shida, si kwa mapambo. Wengine walisema: tutampelekeaje mtu wa Marekani viraka, atadhani hatuna kitu. Tulijibizana siku nzima. Mwisho tulikubaliana kwamba kiraka kinachoaibisha ni kile kilichobandikwa ovyo. Kipande kilichopimwa kikakatwa sawa na kushonwa kwa nyuzi imara hakimwaibishi mtu.

VIFAA

Vifaa vyetu vilikuwa vya kawaida: cherehani mbili za kukanyaga, makasi, futi ya fundi, chaki, pini, sindano za mkono, kastabini, pasi ya mkaa na magazeti ya zamani ya kukatia vigezo.

Kwa juu tulitafuta vipande vya vitenge vya familia kumi na mbili. Kwa bitana, yaani kitambaa cha chini, tulinunua pamba nyeupe isiyo na maua. Kwa katikati, ambapo wenzetu wa Marekani hutia pamba maalumu iliyosukwa kama shuka, sisi tulitia blanketi la kijivu, lile ambalo karibu kila nyumba hapa ilipewa ilipofika. Lilikuwa limechakaa na kuwa jembamba, na hilo ndilo lililotufaa, maana blanketi jipya ni zito na sindano haipenyi.

Tunawashauri wanaotaka kujaribu: fueni vitambaa vyote kwanza, kila rangi peke yake, mpaka maji yatoke meupe. Kitenge kipya hupungua kikiingia majini, na kingine hutoa rangi. Ukishona kabla ya kufua, siku ya kufuliwa mkeka utajikunja, na chekundu kitaingia katika cheupe.

KUPIMA NA KUKATA

Mkeka wetu ulikuwa na upana wa sentimita 120 kutoka ukingo hadi ukingo, na tundu la katikati lenye upana wa sentimita 12 kwa ajili ya shina. Tuligawa duara mafungu kumi na mawili, kama saa ya ukutani.

Kigezo tulikipata bila hesabu ngumu. Tuligundisha magazeti mpaka yakawa mraba wa sentimita 120 kila upande. Tukaukunja mara mbili, ukawa robo. Ile kona iliyo katikati ya mraba tuliifunga uzi wenye penseli mwishoni. Kwa uzi wa sentimita 60 tulichora ukingo wa nje, na kwa uzi wa sentimita 6 tukachora tundu. Kisha robo ile tukaikunja mara tatu sawasawa. Tulipokata na kukunjua, tulipata mafungu kumi na mawili yaliyolingana. Kila fungu lilikuwa na urefu wa sentimita 54, upana wa karibu sentimita 31 nje na sentimita 3 ndani. Tulichukua fungu moja, tukaongeza sentimita 1 kila upande wa urefu kwa ajili ya mshono. Ncha ya nje na ya ndani hatukuziongeza, kwa sababu hizo humalizwa kwa utepe.

Hapa kuna siri ya kazi. Fungu limekatwa mshazari, na kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika kama ulimbo. Usikivute unapokishona, kiache kipite chenyewe chini ya sindano. Tena mshono wa sentimita 1 uwe sentimita 1 tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiwa mpana upande wa nje kuliko ndani, duara halitalala chini, litaanza kuinuka kama kofia. Ukiwa mwembamba upande wa nje, ukingo utafanya mawimbi. Wa kwanza wetu uliinuka kama kofia, tukaufumua wote.

KOSA LETU

Sasa tunafika kwenye jambo tulilosema hatutalificha.

Kabla ya kugusa vitenge vya familia, tulitaka wasichana wajizoeze kwa vitambaa visivyo na kazi. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho. Mwenzetu mmoja alileta mfuko ambao dada yule wa Marekani aliuacha kwake siku ya kuondoka. Ndani mlikuwa na nguo kuukuu, na kitenge kimoja cha buluu kilichopauka. Tuliona ni makombo. Tulikikata. Mafungu manne ya kujizoeza yalitoka humo, na yaliyobaki tulikata mraba mraba wa kushikia sufuria, na vishikio vitatu tukaviuza sokoni.

Baada ya wiki mbili dada alipiga simu. Akauliza kazi inaendeleaje, tukamwambia inaendelea vizuri. Akasema: "Kuna kitenge cha buluu kwenye mfuko wangu. Ndicho nilichombebea mtoto. Hicho fanyeni fungu moja zima."

Ndugu zetu, wengi wenu mlikuwapo msibani. Mtoto wake alizikwa hapa, hajafikisha miaka mitatu. Kaburi lake liko hapa na mama yuko ng'ambo ya bahari. Alikuwa ameacha kitenge kile kwa sababu siku ile ya kuondoka hakuweza kukigusa, na sasa ameweza kukitaja, nasi tumekikata vishikio vya sufuria.

Hatukumjibu kitu siku ile. Tulisema mtandao ni mbaya, tukakata simu. Tulikaa chini, kila mtu akiangalia mikono yake.

Ndipo shauri likatoka kwamba twende sokoni tutafute kitenge kama kile. Vitenge vinafanana, maua yale bado yanauzwa, tukikifua mara nyingi na kukianika juani kitapauka. Hatajua. Tunakiri kwamba shauri hilo lilitupendeza, na mmoja wetu alikuwa amekwisha kusimama aende. Ni yule bibi aliyecheka habari ya sketi ndiye aliyetuzuia. Alisema: "Alimbebea mtoto mgongoni mchana na usiku. Anakijua kwa pua na kwa kidole. Mtamdanganya macho, mgongo wake hamtaudanganya."

Basi tulianza kutafuta. Yale mafungu manne yaliyoharibika tuliyapata yote. Vishikio viwili tulivipata kwa kupita nyumba kwa nyumba. Mama mmoja alikuwa ameanza kutumia chake, kilikuwa na masizi. Alipoelezwa alikitoa na kukataa kurudishiwa fedha yake. Kishikio cha tatu hatukukipata mpaka leo. Tulipokusanya vyote na kukata sehemu nzima, tulikuwa na vipande kumi na tisa, kila kimoja kama kiganja.

Tulimpigia simu tukamweleza ukweli wote, hata lile shauri la kununua kingine. Alinyamaza. Kisha simu ikakatika, nasi tukajua amekasirika, na haki alikuwa nayo. Kesho yake jioni alipiga mwenyewe. Hakusalimia. Aliuliza: "Mmepata vingapi?" Tukasema kumi na tisa. Akasema: "Shoneni vilivyopo. Msichanganye na kingine."

KUUNGANISHA

Fungu lile la buluu lilichukua wiki mbili peke yake. Tuliviunganisha vipande viwili viwili, kisha safu kwa safu, mpaka kikawa kitambaa kimoja cha kutosha kuwekea kigezo. Kila mshono tuliufungua na kuupiga pasi ulale pande mbili, ili usiwe nundu na kuvunja sindano baadaye. Ncha ya ndani, karibu na tundu, haikutosha. Kwa kuwa dada alisema tusichanganye na kitenge kingine, tulipajaza kwa kile kitambaa cheupe cha bitana, ili ionekane wazi kwamba hapo palikosekana.

Mafungu mengine kumi na moja yalitoka katika vitenge vya nyumba kumi na moja: za Uvira, Fizi, Bukavu, Kalemie, za Burundi na za Rwanda. Safari hii kila kipande kiliandikwa jina la mwenyewe kwenye karatasi na kufungwa kwa uzi, na mwenye kitenge alisimama hapo kinapokatwa.

Mafungu kumi na mawili yana mishono kumi na moja. Wa kumi na mbili hauishonwi, kwa kuwa pale ndipo mkeka unapofunguka ili uzungushwe kwenye shina. Tunasema hivyo leo kwa urahisi, lakini sisi tuliushona! Mkono ulizoea. Yule mzee aliyesema atakuja kuangalia ndiye aliyeona. Alisimama akiuliza: "Mti utaingiaje? Mtauinua juu ya nyumba?" Tukaufumua. Tangu siku hiyo hakutuuliza tena kwa nini tunauvika mti nguo. Alikuwa akija kila juma kuona tumefika wapi.

Baada ya hapo ilikuja kazi ya tabaka tatu. Tulitandaza bitana chini, upande mzuri ukitazama sakafu. Juu yake tukaweka blanketi, na juu ya blanketi ile duara ya vitenge. Bitana na blanketi viliachwa vikubwa kidogo pande zote. Tulipiga bandi kwa nyuzi ndefu kuanzia katikati kwenda nje, kama miale ya jua. Ukianzia nje kwenda ndani, kitambaa kinakusanyika katikati na kufanya mikunjo isiyotoka.

Kisha tulishona kwa mkono, nyuzi fupi zinazopita tabaka zote tatu, nusu sentimita kando ya kila mshono. Kila fungu tuliliongezea mistari katikati, ili pasiwe na mahali papana kuliko kiganja pasiposhonwa. Sababu yake ni kwamba blanketi kuukuu hutembea ndani na kujikusanya kikifuliwa, kama halikushikwa. Kazi hii tuliifanya mchana kwenye mwanga, watu sita tukizunguka duara moja, miguu yetu yote ikiwa chini ya mkeka. Hapo ndipo habari nyingi zilisemwa, za kule tulikotoka na za watu tuliowaacha njiani. Sindano ina faida hiyo, mtu anaweza kusema jambo zito bila kutazamwa usoni.

Mwisho tulikata utepe. Ukingo wa duara ni karibu sentimita 377. Pande mbili za uwazi ni sentimita 54 kila mmoja, na tundu la katikati karibu sentimita 38. Jumla ni sentimita 523, kwa hiyo tuliandaa mita 5 na nusu, upana wa sentimita 5, tukiunganisha vipande vya vitenge vilivyobaki. Utepe wa kuzunguka duara lazima ukatwe mshazari, ama sivyo hautakubali kupinda. Kule kuvutika kulikotusumbua mwanzoni, hapa ndiko kulikotuokoa. Kwenye uwazi tuliweka jozi tatu za kamba za kufungia.

SAFARI YA MKEKA

Mkeka ulimalizika mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza. Tuliukunja, tukauvika mfuko wa nailoni, tukaukabidhi kwa familia moja iliyokuwa inasafiri. Walikuwa na mizigo yao iliyopimwa kwa kilo, lakini waliubeba. Tunawashukuru.

Siku tatu kabla ya Krismasi picha ilikuja. Tulitegemea kuona mti wenye taa. Picha haikuonyesha mti. Ilionyesha sakafu, na lile fungu la buluu lenye vipande kumi na tisa na ncha nyeupe, na mkono wa dada umelala juu yake. Hakuandika kitu. Tulipeana simu, kila mmoja akatazama, tukairudisha.

TULICHOJIFUNZA NA TUNACHOOMBA

Ndugu Mwenyekiti, tangu wakati huo kikundi chetu kina daftari. Kila kitambaa kinachoingia huandikwa: ni cha nani, kimetoka wapi, kikatwe au kisikatwe. Sheria ya kwanza tuliyoibandika ukutani ni hii: hakuna kukata kabla ya kuuliza. Kwa mtu aliyekimbia, kitambaa kuukuu kinaweza kuwa ndicho pekee kilichobaki cha nyumba nzima, na mtu wa nje hawezi kujua kwa kutazama.

Mwaka 2023, ndugu zetu wengi waliokuwa wakifanya biashara mijini waliporudishwa kambini, tulipata wenzetu mafundi wazuri kutuzidi, wengine wamepoteza duka lakini wamebeba cherehani. Tumewakaribisha. Nao wametufundisha mengi, nasi tumewafundisha ushonaji huu wa tabaka tatu. Hatukushona mikeka ya miti tu. Kwa njia ile ile, bila tundu na bila uwazi, hutoka blanketi la mtoto mchanga, na kwa vipande vile vile vilivyokuwa vikichomwa. Mzee wetu aliyeuliza habari ya nguo za watoto tunamwambia leo mbele ya watu wote: jibu lako ndilo hili, na swali lako lilitusaidia.

Tunaomba mambo mawili. La kwanza, Kamati itusaidie kupata sanduku lenye kufuli la kuhifadhia vitambaa vya watu, maana mpaka leo vinakaa kwenye nyumba ya mmoja wetu inayovuja. La pili, wasichana na wavulana waruhusiwe kuja kujifunza mara mbili kwa juma baada ya masomo. Haba na haba hujaza kibaba: anayejua kupima duara kwa uzi na penseli leo, kesho atapima mlango na dirisha.

Mahali hapa palikuwa gereza kabla ya mwaka 1994. Wengi wetu tulifika tukidhani tutakaa miezi. Miaka 30 imepita, wamezaliwa watoto na wamezaa. Tumezika, na wengine wameondoka wakituachia mifuko yao. Tunawaomba mlioachiwa mfuko wa mtu msiufungue kwa haraka, na mkiufungua, pigeni simu kwanza.